Ramani za nyumba mnazochapisha zionyeshe kaskazini ni wapi

Ndugu Mhariri,

Tunaandika kuhusu ramani za nyumba zinazochapishwa kwenye kurasa za ujenzi za magazeti yetu, pamoja na zile zinazouzwa nakala mitandaoni. Msomaji huambiwa kila kitu: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, tofali ngapi, bati ngapi, nondo ngapi. Kinachokosekana ni mshale mdogo wa kuonyesha kaskazini. Bila mshale huo fundi huigeuza nyumba itazame barabara, na chumba cha kulala kikiangukia magharibi, basi mwenye nyumba ameshanunua kiyoyozi kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.

Tuanze na jua lenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu Oktoba 10, jua la saa sita mchana hupita upande wa kaskazini wa utosi. Miezi mitano iliyobaki hupita kusini. Pande zote mbili huwa liko juu sana: Juni ni nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, Desemba zaidi ya 70. Jua lililo juu hivyo hukingwa kirahisi na upenu, yaani kile kipande cha paa kinachotokeza nje ya ukuta. Upenu wa sentimita 90 upande wa kaskazini hutia kivuli mita 1.5 za ukuta kwenye jua la mchana wa Juni, na upande wa kusini sentimita 60 tu hutia kivuli mita 2 mchana wa Desemba. Dirisha la kawaida limeshafunikwa lote.

Mashariki na magharibi hesabu hiyo haifanyi kazi. Saa kumi na moja jioni jua liko nyuzi 20 tu juu ya upeo. Ili upenu ulitie kivuli dirisha la kimo cha mita 1.2 saa hiyo, utokeze zaidi ya mita 3, na hapo si upenu tena, ni baraza. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza huwa mmoja: nyumba ilale mashariki kwenda magharibi. Kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi zibaki pande ambazo jua hupiga kwa kulala.

Ukuta wa magharibi una ujanja wake. Tofali la saruji la inchi 6, likipigwa plasta pande zote, huchelewesha joto kwa takriban saa nne. Jua lililoupiga ukuta saa kumi jioni hutokea ndani saa mbili usiku, wakati nje kumeshapoa na watu wanataka kulala. Watu hushangaa kwa nini chumba kina fukuto huku barazani kuna upepo. Kinachowaka ni ukuta. Upande huo wekeni jiko, stoo, choo, ngazi au gereji, vitu visivyolalwa, vibebe joto kwa niaba ya vyumba. Vyumba vya kulala viende mashariki: vitapata jua la asubuhi, lakini hadi usiku ukuta wake umeshapoa.

Kuna dirisha la magharibi pia. Kioo cha mita 1.5 kwa 1.2 kisicho na kivuli, jua la saa kumi likikipiga sawasawa, huingiza ndani karibu wati 900. Ni kama pasi ya umeme iliyowashwa ikaachwa chumbani. Pazia zito halisaidii sana, kwa sababu joto limeshavuka kioo na pazia lenyewe hugeuka kuwa hita. Kioo cha giza hupunguza mwanga kuliko kinavyopunguza joto, kisha chenyewe huwaka. Kivuli chochote cha nje, hata jamvi la mianzi lililoning'inizwa sentimita 20 mbele ya dirisha, hushinda pazia la gharama yoyote.

Sasa tuseme juu ya paa la kuficha, yaani bati lililofichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, ambalo ndilo limetusukuma kuandika. Nyumba hizi zinapendeza kwenye picha: maboksi meupe na ya kijivu, bati halionekani. Hatusemi watu wasizijenge. Ila ramani zinazochapishwa hazielezi kilichoondolewa. Upenu umekwenda, kwa hiyo kuta zote nne na madirisha yote yako wazi kwa jua na kwa mvua ya kusukumwa na upepo. Mteremko wa bati umeshuka hadi nyuzi 5 au 8, kwa hiyo bati liko karibu kabisa na dari ya jipsamu, na hewa iliyo katikati haina pa kutokea kwa sababu ukuta wa kuficha umeizingira. Bati lenye rangi nzito kwenye jua la mchana hupita nyuzi joto 60. Chini yake, dari hugeuka jiko la mkaa lililopinduliwa.

Na husemwa kuwa paa hili ni rahisi kwa bei. Piga hesabu. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina mzunguko wa mita 44. Ukuta wa kuficha wa mita moja kwenda juu ni mita za mraba 44, yaani tofali karibu 400, na plasta ya ndani na nje mita za mraba 88, bila kutaja zege la juu la kufunga ukuta. Upenu wa sentimita 90 kuizunguka nyumba hiyohiyo ni bati la mita za mraba 43 na mbao zake. Ni kweli kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba bati, ya paa la kuficha hula mbao chache, na hapo mwenye nyumba anaokoa. Ila ile nafuu ikishagawanywa kwa tofali, plasta, saruji na rangi ya kila mwaka, haibaki nyingi.

Kuvuja nako kuna sababu zake, wala si mkosi. Maji yote hukusanyika kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta. Mafundi wengi huufanya mwembamba wa sentimita 15, tambarare, wenye bomba moja. Jani moja la mwembe na mfuko mmoja wa plastiki uliopeperushwa na upepo vinatosha kuuziba. Maji yakipanda hupita chini ya ncha ya bati na kushukia kwenye jipsamu. Anayelitaka paa hili aandike haya kwenye mkataba wa fundi: mfereji upana usiopungua sentimita 30, mteremko sentimita 1 kwa kila mita, bomba la inchi 4 kwa kila mita za mraba 50 za paa na yasiwe chini ya mawili hata kama paa ni dogo, halafu bomba la tahadhari litoboe ukuta wa kuficha chini kidogo ya usawa wa ncha ya bati. Mfereji mkuu ukiziba, bomba hilo litamwaga maji nje mbele ya macho ya watu, na mwenye nyumba atajua. Pale bati linapokutana na ukuta, flashingi, yaani kipande cha bati cha kuziba maungio, ichimbiwe ndani ya plasta. Ikigandishwa juu kwa silikoni peke yake, bati hutanuka mchana na kunywea usiku, na ndani ya msimu mmoja silikoni imebanduka.

Ili nyumba hiyo isiwe tanuri, achieni matundu kwenye ukuta wa kuficha pande mbili zinazotazamana, na juu ya kila dirisha mwageni kijislebu cha zege cha kivuli kinachotokeza sentimita 60 hadi 90. Kinaungwa na nondo za lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, siku ileile lenta inapomwagwa. Kukipachika baadaye ni kazi ya kubomoa.

Kwa paa la kawaida, mambo ni mepesi zaidi na faida yake ni kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Chagueni bati jeupe au la rangi ya maziwa. Bati jeupe jipya hurudisha sehemu kubwa ya joto la jua angani, ilhali jeusi, la kahawia na lile jekundu lililozidi mitaani hulimeza. Bati la kawaida la kung'aa hudanganya macho: hurudisha mwanga vizuri likiwa jipya, lakini joto linaloingia hulishikilia, halilitoi haraka, na kutu ikianza hata ule mwanga haulirudishi tena.

Chini ya bati wekeni foili ya alumini. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Foili hufanya kazi kwa kukataa mionzi ya joto, na mionzi inahitaji nafasi ya hewa ili ikataliwe. Fundi akiitandika ikagusana na bati juu na mbao chini, joto hupita moja kwa moja kama kwenye sufuria. Iachwe nafasi ya angalau sentimita 2.5 kati yake na kitu kilicho mbele ya uso wake unaong'aa, na uso huo utazame chini. Ukitazama juu, vumbi hutua na baada ya mwaka foili imekuwa karatasi. Mpangilio unaofaa ni foili juu ya kenchi, ilegee kidogo katikati ya mbao, kisha papi (mbao za kupigilia bati), kisha bati.

Hewa ya darini nayo iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Kipimo tunachotumia ni sehemu 1 ya 150 ya eneo la dari: nyumba ya mita za mraba 100 inataka matundu ya jumla ya mita 0.67 za mraba, nusu chini ya upenu, nusu juu kabisa kwenye pembe za paa. Yakiwekwa yote juu au yote chini, hewa haisogei. Yazibeni kwa waya wa matundu ya nusu sentimita, popo na ndege wasiingie. Na kama dari haijafungwa vizuri, ongezeni wavu wa mbu. Kuziba uwazi wa juu ya ukuta kwa tofali ili kuzuia mbu ni kuondoa tatizo moja na kuleta jingine. Wavu unazuia mbu bila kuzuia hewa yote.

Kuna wanaojaza pumba za mpunga au sufi juu ya dari. Vyote viwili huzuia joto kweli, na vyote viwili hushika moto, panya huvipenda, na nyaya za umeme zilizopita humo hukosa kupoa. Hatushauri.

Tukija kwenye upepo, watu wa pwani wana maneno yake tangu zamani, ila wachoraji wa ramani wameyasahau. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ya joto kali, na hutoka kaskazini mashariki. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei, hutoka kusini na kusini mashariki. Chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili tofauti hupata angalau mmoja kati yao. Chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata dirisha likiwa kubwa, kwa sababu hewa haiingii mahali isipoweza kutoka.

Halafu tazameni hilo dirisha lenyewe. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 kina sakafu ya mita za mraba 12. Dirisha la aluminiamu la kuteleza la mita 1.5 kwa 1.2 ni mita 1.8 za mraba, lakini kioo kimoja siku zote kiko nyuma ya kingine, kwa hiyo linafunguka nusu: mita 0.9. Wavu wa mbu hukata karibu nusu ya hewa iliyobaki. Mmelipia mita 1.8, mnapumulia chini ya nusu mita. Vioo vya luva vya zamani, vile tunavyovibeza kuwa ni vya nyumba za serikali, hufunguka karibu vyote. Dirisha la bawaba nalo hufunguka lote. Kama aluminiamu ya kuteleza haiepukiki, basi liwe pana zaidi, na juu ya mlango wa chumba pawekwe matundu au luva za kimo cha sentimita 40, hewa ivuke hadi koridoni na kutokea upande wa pili hata mlango ukifungwa usiku. Kizingiti cha chini cha dirisha kishushwe hadi sentimita 70 hivi kutoka sakafuni. Kikiwa mita 1.2, upepo unapita juu ya kitanda, unampoza anayesimama.

Uzio wa tofali wa mita 2.4 uliojengwa hatua mbili kutoka dirishani hufuta kazi yote hii. Upande upepo unakotoka, tumieni matofali ya matundu au ua wa mimea. Uwanja nao usitandazwe zege na peving (vitofali vya kutandika chini) zote hadi ukutani, kwani upepo unaopita juu ya peving ya saa nane mchana huingia ndani ukiwa wa moto. Mita mbili za majani mbele ya madirisha zinatosha kubadili hali.

Kuhusu umeme, hesabu ni hii. Kiyoyozi cha nguvu farasi 1.5 kikiwashwa saa nane za usiku hula karibu uniti 6, yaani 180 kwa mwezi. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa kumi hula uniti 0.7, yaani 21 kwa mwezi. Kwa viwango vya TANESCO vilivyoanza 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Aliyezidi mara kwa mara alihamishiwa kundi la shilingi 292. Kwa hiyo kiyoyozi hakiongezi uniti zake tu. Kinapandisha bei ya taa, friji na pasi pia. Upepo wa pangaboi hauipozi hewa, lakini mwili huhisi kama joto limeshuka nyuzi 2 au 3, na katika chumba ambacho ukuta na dari haviwaki, hiyo inatosha usiku mwingi wa mwaka.

Wengine hutujibu kwamba wazee wa Mji Mkongwe na Lamu walipoa kwa kuta nene za mawe, basi nasi tujenge kuta nene. Ni nusu ya habari. Kuta zile za nusu mita hukaa kwenye vichochoro vyembamba ambako jua halizifikii isipokuwa saa sita mchana, zimepakwa chokaa nyeupe, na dari ni ndefu. Pwani, tofauti ya joto la mchana na usiku ni ndogo, nyuzi 7 au 8, hivyo ukuta mnene ulioachwa juani haupati usiku wa baridi wa kuupoza. Kivuli na upepo vitangulie. Dodoma na Iringa, ambako usiku hupoa zaidi, ukuta mnene hulipa. Njombe na Makete kunakoshuka baridi ya Juni na Julai, madirisha makubwa ya kaskazini ni mali, kwa kuwa jua la miezi hiyo liko upande huo. Ramani moja kwa nchi nzima haiwezekani, na hilo ndilo kosa la pili la ramani za kuchapisha baada ya mshale.

Matofali ya udongo na saruji ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wameyahimiza kwa miaka mingi, hupunguza saruji kwa sababu hayahitaji mchanganyiko wa saruji na mchanga kati ya mistari na mara nyingi hayapigwi plasta nje. Lakini hayapatani na paa la kuficha. Bila upenu mvua huyalamba. Yatakeni pamoja na upenu wa sentimita 75 au zaidi na msingi ulioinuka sentimita 45 juu ya ardhi, matone yanayoruka yasiyafikie. Na yamwagiliwe maji chini ya turubai siku zisizopungua 7. Yale yanayovunjika mikononi mara nyingi yalikaushwa juani siku ya pili.

Kwa aliyekwisha kujenga, kazi ya kuanza nayo ni kupaka bati rangi nyeupe. Lisuguliwe kwa brashi ya waya palipo na kutu, lioshwe kwa sabuni, likauke, lipakwe praima inayofaa bati la zinki, kisha mikono miwili ya rangi ya maji ya nje. Rangi ya mafuta isitumike juu ya bati la zinki tupu: hupambana na zinki na kubanduka kama ganda la yai. Paa la mita za mraba 150 litataka ndoo mbili za lita 20 za rangi kwa mikono yote miwili. Kazi ifanyike saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kwa sababu bati la moto huikausha rangi kabla haijashika, na mpakaji akanyage kwenye mistari ya misumari, palipo na papi. Kila mwaka kabla ya kaskazi lioshwe vumbi na ukungu, la sivyo weupe wake hautafika msimu wa pili.

Kisha ukuta wa magharibi. Simamisheni nguzo nne za mabomba, mfunge waya sentimita 30 kutoka ukutani, mpande pasheni. Ndani ya mwaka ukuta umevaa kivuli, na nafasi ile ya sentimita 30 huacha hewa ipite na kuzuia unyevu usiingie kwenye plasta. Mti mkubwa kama mkungu upandwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi, na mbali na karo la choo.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Ramani ijayo mkiichapisha, iwe na mshale wa kaskazini, mistari miwili ya kuonyesha pepo za kaskazi na kusi zinatokea wapi, upana wa upenu kwa sentimita, na neno moja la kusema nyumba hiyo imechorwa kwa ajili ya pwani, bara kavu au nyanda za juu. Inaingia kwenye kona ya chini kulia, pale ambapo sasa huwa kuna picha ya gari.

Sisi wachora ramani na mafundi wa kupaua,
Dar es Salaam